Rangi ya Fuko

"Fundi, vyumba vya kulala niachie vyeupe. Sebule nataka tope."

Maneno hayo niliyapokea kwenye simu nikiwa juu ya ngazi kule Lanet, msasa mkononi, vumbi limenijaa kope. Nikajibu, "Sawa mama, nitakupakia." Sikuuliza tope gani. Nimelelewa Molo kwenye viazi, na likizo zangu nilizimalizia Vihiga kwa nyanya, mzaa mama. Mtu akinitajia tope, naliona palepale. Niliiona barabara ya kwenda kwa nyanya baada ya mvua, ule udongo mwekundu unaonata kwenye viatu mpaka kila hatua inakuwa na uzito wake.

Nikachanganya ndoo ya lita 20. Nyeupe ya maji, nyekundu ya udongo, manjano kidogo, na tone la nyeusi la kuituliza. Kijana wangu wa mkono akasema imependeza, nami niliiona imependeza. Kufikia Alhamisi kuta mbili zilikuwa zimepakwa mara mbili.

Ijumaa mwenye nyumba akafika kutoka Nairobi. Alisimama mlangoni, mkoba begani, asiingie.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni tope, mama."

Akafungua mkoba, akatoa kadi ya rangi, zile zenye vibao vidogo vidogo ambazo maduka huwapa wateja, akaweka kidole juu ya kibao kimoja. Ukikitazama haraka utasema ni kijivu. Ukirudi kukitazama utasema hapana, hii ni kahawia iliyofifia. Chini yake pameandikwa taupe. Akanieleza kwamba neno hilo halisomwi lilivyoandikwa. Wenyewe hulitamka "toupu", na kwenye simu, kwa masikio yangu, likawa tope.

Hakuwa mtu wa makelele. Tulikaa juu ya ndoo mbili zilizofunikwa tukakubaliana: gharama ya rangi tugawane nusu kwa nusu, kazi ya kurudia iwe yangu. Ilikuwa haki. Lakini jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na jambo lililonisumbua kuliko hasara ya ndoo. Miaka 19 nimepaka nyumba za watu hapa Nakuru, na rangi ile ya kwenye kadi nimeichanganya mara nyingi mno, hasa tangu mji upewe hadhi ya jiji Desemba 2021 na nyumba zikaanza kuota kila upande. Nilikuwa naiita "kijivu cha kahawia", au "ile ya katikati", au nilikuwa naonyesha tu kwa kidole. Rangi yenyewe niliijua vizuri. Jina ndilo sikuwa nalo.

Binti yangu yuko kidato cha 3, na shuleni kwao wanasoma Kifaransa. Nilipomwonyesha neno kwenye kadi hakuhitaji hata kushika simu.

"Baba, taupe ni fuko."

"Fuko gani?"

"Fuko. Yule anayekula viazi vya babu."

Niliiweka kadi mezani nikakaa kimya kwa muda.

Mtu wa Molo, Njoro, Elburgon au Mau Narok haelezwi fuko ni nani. Kwa wengine, ni mnyama wa chini ya ardhi, urefu wake kama shubiri moja, mkia mfupi, macho madogo kama mbegu, na meno ya mbele ya rangi ya machungwa yanayotokeza nje hata akifunga mdomo. Meno hayo ndiyo jembe lake. Humwoni, unaona vilima vya udongo mbichi vimepangika shambani asubuhi, na shina la kiazi lililokuwa limesimama jana leo limelala. Ukilivuta linakuja lote mkononi bila uzito wowote, kwa maana chini hakuna kitu.

Baba alikuwa na mtegaji wake, mzee mmoja aliyetembea na mkebe wenye waya na kamba za mkonge. Mzee yule hakuwa na haraka. Alikata fito mbichi zinazopindika, akapita shambani akiubonyeza udongo kwa kidole kikubwa cha mguu mpaka apate njia ambayo bado inatumika, kisha akaifungua kwa jembe. Fuko hapendi njia yake ikae wazi. Hewa na mwanga vikiingia, anakuja kuziba, akisukuma udongo mbele yake, na hapo ndipo kitanzi kinapomngoja. Fito inaruka juu. Baba alilipa kwa kichwa, na siku ya malipo mzee alivipanga kwenye nyasi, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti.

Kazi yangu ilikuwa kuwabeba waliokufa hadi ukingoni mwa shamba. Siku moja, nikiwa na umri wa kama miaka 9, nilikaa chini na mmoja wao mapajani, nikampuliza manyoya jinsi watoto wanavyompuliza kifaranga ili waone ngozi. Kwa juu alikuwa kahawia, kahawia ya jani lililokauka likiwa bado mtini. Pumzi yangu ilipoyafungua manyoya, chini kulikuwa na kijivu cha moshi, kizito, kimelala karibu na ngozi. Nikiacha kupuliza, kahawia inarudi inafunika. Napuliza, kijivu. Naacha, kahawia. Yalikuwa laini kuliko kitu chochote kilichokuwa nyumbani kwetu. Nilifanya hivyo mpaka nikasikia naitwa.

Binti yangu aliposema fuko, basi, nilijua hasa kile kibao cha kwenye kadi kilikuwa kinajaribu kuwa nini.

Fuko wa Wafaransa si huyu wetu, na ni vizuri niliseme hilo kabla msomaji wa elimu ya wanyama hajanisahihisha. Neno taupe limetokana na talpa la Kilatini, na hadi leo wataalamu humwita yule wa Ulaya Talpa europaea. Ukoo wake hauko Afrika kabisa. Yeye hula nyungunyungu na wadudu, na huchimba kwa mikono mipana kama sepetu. Wetu, ambaye wataalamu humwita Tachyoryctes, ni wa jamii ya panya, na chakula chake ni mizizi: viazi, karoti, hata mizizi ya nepia. Kilichowakutanisha ni kazi ya kuishi gizani. Manyoya ya yule wa Ulaya ni mafupi, yamesongamana, na hulala upande wowote utakaoyalaza, kwa hiyo anaweza kurudi kinyumenyume kwenye njia yake nyembamba bila kukwama. Washonaji wa zamani waliyapenda kwa sababu hiyohiyo. Husimuliwa kwamba Alexandra, mke wa Mfalme Edward VII wa Uingereza, aliagiza vazi la ngozi za fuko ili watu waige na ngozi zipate soko, kwa kuwa fuko walikuwa wamewaelemea wakulima wa Scotland. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka yule mzee na mkebe wake wa waya. Kumbe shida ya baba yangu ilikuwa na ndugu zake mbali hivyo.

Sasa niseme jambo lililonifanya nikae kuandika haya yote.

Kiswahili hakijawahi kushindwa na rangi. Zenye maneno yake yenyewe, yanayobadilika kufuata kitu kinachosemwa, ni tatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingine karibu zote tulizipata kwa kunyoosha kidole. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la mekoni. Manjano ni kile kiungo kinachoupa mchuzi rangi na kukuachia alama kwenye kucha. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda, na ukilila ulimi wako utakusema. Waridi ni ua. Samawati ni mbingu zilizokuja na Kiarabu. Ile nyekundu iliyokolea ya sweta za shule tukaitazama tukaiita damu ya mzee, na ngozi ya mtu ambaye si mweusi sana wala si mweupe tukaiita maji ya kunde. Aliyewahi kuchemsha kunde hahitaji kadi ya duka.

Wafaransa walifanya vivyo hivyo. Walimtazama mnyama wa mashamba yao wakasema, rangi ile. Kisha neno likasafiri, likapita kwa washonaji, likapita kwa watengenezaji wa rangi, na lilipofika Nakuru lilikuwa limemwacha mnyama njiani. Mteja analitaja bila kujua ametaja fuko. Fundi analisikia anadhani ni matope. Na mimi niliyewahi kuwa na fuko mapajani nikalazimika kuelezwa na mtoto wangu.

Iitwe rangi ya fuko. Naliomba hilo kwa moyo wangu wote. Nimeshaambiwa na mteja mmoja kwamba fuko ni mnyama wa hasara, nani atamtaka ukutani. Nikamjibu kwamba jivu nalo ni la kutupwa, na watoto wetu wanavaa kijivu kwenda shule. Jina la rangi halikuletei mnyama ndani. Linakusaidia kuiona.

Kuiona ndiyo kazi ngumu, maana hii ni rangi inayobadilika ukiitazama.

Kwenye kompyuta, taupe huandikwa kwa namba tatu: nyekundu 72, kijani 60, bluu 50, kila moja ikihesabiwa hadi 255. Binti yangu alinisomea namba hizo na nikamwambia azirudie. Tazama zilivyokaribiana. Nyekundu imeitangulia kijani kwa 12, kijani imeitangulia bluu kwa 10, basi. Zingelingana ungepata kijivu kitupu. Hiyo tofauti ndogo ndiyo kahawia yote iliyomo. Ina ndugu zake pia: iliyoegemea kijivu ni 139, 133, 137; ya waridi ni 144, 93, 93; ya zambarau iliyokolea ni 80, 64, 77. Mwaka 1930 kule New York, A. Maerz na M. Rea Paul walitoa kamusi ya rangi iliyochapishwa kwa vibao, ukurasa baada ya ukurasa, na ndugu hao wa fuko walipewa vibao vyao humo. Ninaiheshimu sana kazi kama hiyo, ya mtu kukaa akatenganisha rangi ambazo wengi wetu tunazipita njiani.

Ila tahadhari kwa anayejenga: 72, 60, 50 kwenye ukuta wa sebule yenye dirisha moja ni usiku. Kadi za madukani huandika jina lilelile chini ya rangi iliyotiwa nyeupe nyingi. Ukitaka fuko ya kuishi nayo, chukua hiyo nyepesi, na usikubali fundi akuchanganyie kwa kubahatisha kama nilivyofanya mimi.

Mimi huanza na nyeupe, ambayo kazi yake yote hufanywa na oksidi ya titani. Nyeusi peke yake ndani ya nyeupe hukupa kijivu cha baridi, chenye bluu ndani yake, na wateja huniambia kimekaa kama hospitali. Kwa hiyo nyeusi huja mwisho, kwa ncha ya kijiti. Mwili wa fuko unatoka kwenye amba, ambao ni udongo wenye oksidi za chuma na manganizi. Ukiwa mbichi ni kahawia yenye ukijani kwa mbali; ukichomwa hugeuka kuwa mwekundu zaidi. Kwa miaka mingi nilikuwa natia ule uliochomwa bila kufikiri, kwa kuwa ndio uliokuwa dukani.

Nyumba ya mama yule ndiyo iliyonifundisha. Safari ya pili sikupaka ukuta. Nilipaka miraba ya futi 2 kwa futi 2, mmoja kila ukuta, nikamwomba aje kuitazama asubuhi, mchana na jioni kabla hajasema neno. Asubuhi akafurahi. Saa saba mchana wakaleta makochi yake, ya kijani cha mparachichi, wakayapanga. Akanigeukia.

"Fundi, umetia pinki."

Sikuwa nimetia pinki. Lakini niligeuka nikaiona, na ilikuwepo. Ukuta uleule, rangi ileile, nyuma ya makochi ya kijani ulikuwa umeona haya kama mtu.

Jambo hilo lina maelezo yake, na yamefika karibu miaka 200. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia wa Ufaransa, na kuanzia 1824 alisimamia kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimepauka. Akazipima, akaona rangi haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye nyuzi zilizolala jirani yake. Mwaka 1839 akachapisha sheria aliyoipata: rangi mbili zikikaa ubavuni, jicho huzisukuma zitengane. Kilichotulia kikiwekwa karibu na kijani, jicho hukivuta kwenda upande wa pili wa kijani, yaani wekundu. Rangi kali haijali jirani. Fuko ni rangi tulivu, na ndiyo maana hupokea kila kinachokaa karibu nayo.

Kwa hiyo nikaurudia mchanganyiko kwa amba mbichi, wenye ule ukijani wake, nikaacha ule uliochomwa. Nikapaka miraba mingine. Kisha tukasubiri ikauke, kwa kuwa rangi ya maji ikikauka hukoleza, na anayeamua ikiwa mbichi atajuta.

Kwenye kusubiri huko ndiko nyanya aliponijia.

Nyumba yake kule Vihiga ilikuwa ya kukandikwa, na sakafu aliisiriba mwenyewe kila Jumamosi. Alitoka na karai alfajiri kwenda zizini, akarudi na kinyesi cha ng'ombe kikiwa bado na joto. Akatia udongo wa mfinyanzi, maji, na wakati mwingine jivu lililochekechwa vizuri. Alipiga magoti mwisho wa chumba, uso ukitazama ukuta, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mkono wa kulia ulizunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine, nusu duara, kisha nusu duara nyingine inayoshika mkia wa ya kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinaacha mistari minne. Kidole gumba hakikugusa chini.

Ikiwa mbichi ilikuwa ya kijani iliyokolea, na harufu yake ni ya nyasi zaidi ya kitu kingine chochote. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga kizingiti. Tulikaa nje tukichungulia, na sakafu ilibadilika mbele yetu: kingo kwanza, karibu na kuta, kisha katikati, doa la kijani likipungua kama dimbwi kwenye jua. Kufikia adhuhuri yote ilikuwa ya rangi moja. Udongo wake ulikuwa unakauka ukipata wepesi, kinyume cha rangi zangu za ndoo. Nilikuwa sina jina la rangi ile. Nikiwa na ndoo zangu kwenye sebule ya mtu, na kadi ya duka mkononi, niliinua kadi nikaitazama, na ilikuwa sakafu ya nyanya saa sita mchana.

Nyumba hiyo sasa ina saruji. Wajomba walimwaga sakafu kabla ya mazishi yake kwa sababu wageni walikuwa wengi, na sikuwa na la kusema; saruji haihitaji magoti ya mtu kila Jumamosi. Lakini chini ya saruji mistari minne iko palepale, na nikienda huko hukanyaga taratibu.

Jumapili iliyofuata nilimchukua binti yangu tukaenda ziwani. Nilitaka aone kwamba rangi hii haiko ndani ya ndoo tu. Wengi hueleza kwamba jina Nakuru lenyewe limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na ukisimama ufukweni upepo ukivuma kutoka Menengai huna sababu ya kubisha. Watu huja Ziwa Nakuru kwa ajili ya waridi ya heroe, yaani flamingo, ambayo hutokana na mwani wanaoula. Mwonyeshe mtoto wako na wale wengine, wachache, wanaosimama kati ya wenzao wakiwa na kijivu cha kahawia. Hao ni wadogo. Wamezaliwa mbali, wengi wao Ziwa Natron kule Tanzania, na huchukua miaka kadhaa kabla manyoya yao hayajapata waridi. Kuro nao walikuwa wanakula nyasi karibu na maji, manyoya yao marefu yamelowa, na sikuweza kumwambia binti yangu kama ni kahawia au kijivu. Na ile miti iliyozamishwa maji yalipopanda miaka ya 2010 bado imesimama humo. Ilikuwa migunga yenye magome ya manjano. Magome yameanguka, na mbao zilizobaki zimeliwa na jua na magadi mpaka zikapata rangi ninayoiandikia haya.

Binti yangu alipiga picha za heroe wadogo. Alisema ndio wazuri zaidi, na sikumuuliza kwa nini.

Jumanne nikamaliza sebule. Kuta nne, mikono miwili ya rangi, makochi ya kijani mahali pake, na ukuta haukuona haya tena. Nilifunika ndoo iliyobaki nikaandika kwa brashi juu ya kifuniko: FUKO. Mama alisoma, akaniuliza ni ya nini, nikamweleza yote, mzee na fito zake, manyoya, na nilivyokuwa napuliza. Alisikiliza mpaka mwisho.

Saa moja jioni ilikuwa imeingia na dirisha lilikuwa linapoteza mwanga. Ukuta ulikuwa kijivu, kijivu cha moshi, umetulia. Akanyoosha mkono akawasha taa, balbu zile za mwanga wa manjano, na ukuta wote ukawa kahawia.

Akazima. Kijivu.

Akawasha.

Alisimama pale mkono ukiwa kwenye swichi, akawasha na kuzima, akawasha na kuzima, nami nikaendelea kuosha brashi zangu polepole ili asiwahi kuacha.